Waridi Mbili, Chokaa Nusu

Kama yupo mtu anayezijua rangi kumshinda yule fundi, basi bado hajazaliwa. Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe, na ukitaka kumbishia nenda na kiti chako, maana hamtamaliza leo. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amepaka kuta za watu: madarasa, maduka, vyumba vya maharusi. Ungemsimamisha mbele ya ukuta uliochakaa, angekwambia ulikuwa wa rangi gani siku ulipopakwa, na ni fundi gani asiye na haya aliyezidisha maji kwenye ndoo. Mkewe, mshonaji wa mapazia aliyefanyia kazi zake barazani, alizoea kusema kwamba mumewe angeweza kumsahau yeye sokoni, lakini rangi ya gauni alilovaa angeikumbuka mpaka kaburini.

Sasa mchukue mtu huyo na heshima zake zote, umsimamishe mbele ya kaunta ya duka la dawa Jumamosi asubuhi, nyuma yake watu tisa, na mwuza dawa, binti mwenye miwani mikubwa, amwulize swali dogo tu.

"Nikupe dawa gani, mzee?"

Kadi ya kliniki alikuwa ameiacha mezani nyumbani. Jina alikuwa nalo kichwani, au ndivyo alivyodhani.

"Za mke wangu, za presha. Amulodi... amulodipinga."

"Amu nini?"

"Amulopidini. Na ile nyingine. Haidro... haidrokoloto..." Hapo pumzi zikamwishia kabla jina halijafika hata nusu.

Binti wa miwani hakucheka, tumpe haki yake. Aliyecheka ni bwana mmoja mnene aliyekuja kununua pipi za kikohozi. "Mpe na golikipa!" alipaza sauti. "Mzee anapanga timu!" Foleni nzima ikavunjika mbavu. Mama mmoja alicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka analia. Fundi naye akacheka, kwa sababu mtu akichekwa hadharani hana mlango mwingine wa kutokea, lakini masikio yalimwaka kama pasi.

Ingeishia pale ingekuwa nafuu. Bahati mbaya, bwana mnene ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako mafundi wote wa mtaani hununua brashi. Kufika Jumatatu fundi alikuwa na jina jipya. "Haidro, nishikie ngazi." "Haidro, hii ndoo ni yako?" Hata kibarua mgeni, aliyekuwa hajamaliza wiki moja kazini, alimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, mzee Haidro."

"Watachoka," mkewe alimwambia jioni, huku akiuma uzi kwa meno ili asicheke. "Mimi shuleni waliniita Kandambili miaka minne na sikufa."

"Wewe hukuwa na mafundi sita chini yako."

"Sasa utafanyaje? Dawa zenyewe ndizo hizo, za kila siku."

Fundi alikuwa amepindua kidonge kimoja kiganjani, amekisogeza karibu na taa, amekibania jicho moja kama anavyofanya na ukuta. Kidonge kilikuwa cha rangi ya waridi. Akaingia chumbani, akatoka na kadi yake ya rangi, ile yenye vipande vingi vidogo vilivyopangwa kwa namba, akakilaza kidonge juu ya kipande kimoja baada ya kingine.

"Waridi namba saba," akatangaza. "Sawasawa kabisa."

Tangu siku hiyo dawa zikapoteza majina katika nyumba ile. Fundi alichukua makopo mawili ya majani ya chai, akayaosha, akayaanika, akayapiga msasa. Moja akalipaka waridi namba saba, la pili akalipaka nyeupe ya chokaa, mikono miwili ya rangi kila moja, na vifuniko pia. Akifika nyumbani na dawa, alimimina vidonge kwenye makopo na kutupa bahasha zile ndogo zenye mwandiko wa binti wa miwani. Sheria ikawa fupi, hata mtoto angeweza kuishika: waridi mbili kila jioni, chokaa nusu kila asubuhi. Majina tuwaachie wenye makoti meupe, alisema, wao ndio wanaolipwa kuyatamka.

Na dukani je? Huko nako aliona njia. Alikwenda saa nane mchana, jua likiwa kali na watu wamejificha, akaweka vidonge viwili juu ya kaunta, kimoja cha waridi na kimoja cheupe, na kunyamaza kama mteja anayeagiza kwa ishara. Binti wa miwani alivigeuzageuza, akasoma alama zilizochongwa mgongoni, akapumua kwa nguvu.

"Mzee, si ungekuja tu na kadi?"

"Kadi anayo mama," fundi alisema, jambo ambalo lilikuwa kweli, ila halikuwa sababu.

Njia hiyo ilimfaa mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu binti alihesabu vidonge, akavitia kwenye bahasha zake, akaandika, kisha akaegemea kaunta na kushusha sauti.

"Mzee, safari hii nisikilize vizuri. Zimetoka kiwanda kingine. Hizi za..."

Mlango ukafunguliwa, na aliyeingia akijifuta jasho shingoni ni bwana mnene mwenye duka la vifaa. "Ahaa!" alisema, akichanua meno yote. "Haidro wangu!"

"Nimeelewa, mwanangu, nimeelewa," fundi alimwambia binti, akanyakua mfuko wake na kutoka mbio mbio kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Nyumbani akamimina za waridi kwenye kopo la waridi, nyeupe kwenye kopo la chokaa, akatupa bahasha, akaoga.

*

Mke ndiye aliyeanza kulalamika, na alianza kwa mzaha, maana ndivyo walivyozoeana.

"Fundi, kile choo chetu ukipake rangi nzuri," alisema asubuhi moja. "Siku hizi nakaa huko kuliko sebuleni. Jana nimetoka mara sita."

"Unakunywa chai nyingi."

"Chai ile ile."

Siku ya tatu alisema miguu inamkaza. Siku ya tano akasema kichwa kinamzunguka akiinama kupitisha uzi kwenye sindano. Na siku hiyo hiyo jioni, akiwa na vidonge viwili kiganjani na glasi ya maji mkono wa pili, alisita.

"Hizi za waridi mbona siku hizi chungu?"

"Dawa tamu umeiona wapi?"

"Za zamani hazikuwa chungu hivi. Na hizi ni ndogo kidogo."

Mtu mwingine angeingiwa na wasiwasi. Fundi wetu alikwenda kuchukua kadi yake. Akalaza kidonge juu ya namba saba, akabana jicho. Ukweli ni kwamba aliona kitu. Rangi ilikuwa imekolea, kwa kiasi kidogo mno ambacho watu wengine wasingekiona hata ungewalipa, lakini yeye alikiona. Akajiambia ni unyevu. Akajiambia ni taa ya sebuleni, balbu ile ya njano inadanganya. Ilikuwa rahisi kuilaumu balbu kuliko kurudi pale kaunta na kuuliza.

"Ni namba saba," akasema. "Meza, mama."

Akameza. Keshokutwa yake alilalamika tena kwamba ni chungu, na tena akaambiwa ameze, naye akatii, kwa sababu katika mambo ya rangi hakuwahi kumkuta mumewe amekosea.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, fundi akiwa uani anasafisha brashi, alisikia cherehani imenyamaza katikati ya mshono. Kila mtu wa nyumba ile aliijua sauti ya mashine ikifika mwisho wa pindo, na hii haikuwa hiyo. Alipotokea barazani alimkuta mkewe chini, kitambaa cha pazia kimemfunika magoti, midomo imemkauka, macho yako wazi lakini hayamtazami mtu.

"Mama," aliita. "Mama, ni mimi."

"Nilitaka kusimama tu," mke alisema polepole. "Miguu ikakataa."

Fundi hakukumbuka baadaye jinsi alivyompata mwenye gari, wala kwamba alimbeba mkewe mpaka barabarani huku ameshika brashi.

*

Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alipima presha, akakunja uso, akapima tena.

"Mgonjwa anatumia dawa gani?"

"Waridi mbili jioni," fundi alisema, bado anahema, "na chokaa nusu asubuhi."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. Alimtazama kuanzia viatu vilivyorukiwa na rangi mpaka kofia.

"Baba, hapa tunatibu watu. Kuta hatupaki."

"Ninamaanisha vidonge. Vya waridi na vyeupe."

"Vyeupe! Unajua nina vyeupe vingapi kwenye kabati lile? Nahitaji majina. Kadi yake iko wapi?"

Kadi, kwa hofu na haraka, ilikuwa imebaki nyumbani. Na hata ingekuwapo, ilikuwa inaonyesha kipimo alichoandikiwa, wala si kile alichokuwa anameza, tofauti ambayo fundi alikuwa hajaijua bado.

"Nenda dukani ulikonunua," muuguzi alisema, sasa kwa upole kidogo, kwa sababu aliona bado ameshika brashi. "Waambie wakuandikie majina, na uje na vidonge vyenyewe. Fanya haraka. Daktari hawezi kumpa kitu akiwa gizani."

Fundi alipitia nyumbani, akayatia makopo yake mawili kwenye mfuko, akaenda dukani moja kwa moja. Saa ilikuwa mbaya: foleni ilifika mlangoni. Siku nyingine angegeuza. Leo aliipita foleni yote bila kuomba radhi, akayaweka makopo juu ya kaunta, akafungua vifuniko.

"Mke wangu ameanguka," alisema. "Niambie hizi ni nini."

Hakuna aliyelalamika kwamba amepitwa. Binti wa miwani alimimina vidonge viwili viwili kwenye kisahani, akasoma migongo yake. Kisha akayatazama makopo, rangi zake safi, mikono miwili kila moja, na uso ukaanza kumbadilika.

"Mzee, anameza ngapi za hizi za waridi?"

"Mbili kila jioni."

"Na nyeupe?"

"Nusu. Asubuhi."

Binti akavua miwani. "Mzee wangu. Mwezi huu zimegeuka. Kiwanda kipya kinatengeneza za waridi kuwa nyeupe, na zile zilizokuwa nyeupe kwao ndizo za waridi. Hii ya waridi sasa ndiyo ile ya kutoa maji mwilini. Hiyo ndiyo ya nusu. Amemeza mara nne ya kipimo chake, na ile ya kushusha presha yenyewe amepata robo." Alisita. "Nilitaka kukuambia siku ile. Niliandika pia kwenye bahasha. Bahasha hukuzisoma?"

Fundi alianza kuyafunika makopo yake, moja baada ya jingine.

"Ningekufuata nje," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Na mimi nina kosa. Ningekufuata."

Aliandika majina mawili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na pembeni yake siku ngapi na kiasi gani. Fundi alipotoka foleni ilimpisha kwa ukimya. Angetoa chochote wakati ule wamcheke.

*

Njiani kote alipanga maneno. Ataingia, atamwambia daktari: kosa ni langu, nilizipanga kwa rangi, nilitupa bahasha, niliambiwa sikusikiliza. Maneno kumi, hayazidi hapo. Lakini alipofika wodini alimkuta binti yake mkubwa tayari amesimama kando ya kitanda. Binti huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, na aliingia kila mahali kama anaingia darasa lenye kelele.

Daktari alipokea karatasi, akasikiliza kiasi kilichomezwa, akatikisa kichwa. "Mama amezibadilisha," alisema. "Ya kumeza nusu amemeza mbili, ya kumeza mbili amemeza nusu. Maji na chumvi vimemwishia mwilini. Mmewahi. Tunamwekea dripu, na kesho atakuwa afadhali." Akaenda kwa mgonjwa mwingine, maana walikuwa wengi.

Fundi akavuta pumzi ili aseme. Binti yake alimtangulia.

"Mama, amezibadilisha vipi? Vidonge viwili tu! Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanaweza kutenganisha viwili."

"Nilimeza kama kawaida," mama alisema, kichwa kikiwa juu ya mto.

"Kawaida gani hii ya kukuleta hospitali? Juzi nilipopiga simu uliniuliza habari za mtoto mara mbili. Nilinyamaza. Sasa naona." Akageuka kwa baba yake, akashusha sauti, lakini sauti ya mwalimu hata ikishushwa husikika dirishani. "Baba, kichwa chake kimeanza kuchoka. Tusijidanganye. Akitoka hapa anakuja kukaa kwangu. Dawa nitampa mimi mwenyewe, mkononi. Na ile cherehani itafutiwe mtu, kabla hajajishona vidole."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Fundi alipaona kabisa, kama mtu anavyoona mlango ulio wazi. Mdomo uliowahi kubishana saa mbili juu ya tofauti ya rangi ya maziwa na rangi ya malai ulikaa kimya. Alijiambia atasema binti akinyamaza. Binti hakunyamaza. Alijiambia atasema akiwa peke yake na mkewe, lakini saa ya kuona wagonjwa ikaisha, kengele ikagonga, muuguzi akawasukuma nje kama kuku. Alikwenda nyumbani na aibu mbili badala ya moja, na ile ya pili ilikuwa nzito zaidi.

*

Kesho yake mchana alimkuta amekaa kitako, dripu imetolewa, uso umerudi na rangi yake. Vitanda sita vilikuwa chumbani humo, na mama wa kitanda cha pili, aliyelazwa kwa ajili ya goti, alikuwa ameshafanya urafiki na wote.

"Leo unapendeza," fundi alisema.

Mkewe hakutabasamu. Alimwashiria akae karibu, akanong'ona.

"Fundi. Yale mapazia ya shule ya juzi, nilishona mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Mimi nakumbuka kumi na mawili."

"Basi ndiyo hayo hayo."

Akamtazama kwa makini, kwa muda mrefu. "Au unaniitikia tu?"

"Nakuitikia vipi?"

"Kama watu wanavyomwitikia mtu aliyechanganyikiwa. Ili nisiudhike." Alianza kukunja na kukunjua pindo la shuka. "Jana sikulala vizuri. Nimehesabu wateja wangu wote, mmoja mmoja, na vipimo vya madirisha yao. Nadhani nimepata. Lakini nani wa kunihakikishia? Hata vile vidonge, mimi naona kabisa mkono wangu unaingia kwenye kopo la waridi, unachukua viwili. Ninauona. Na daktari anasema haikuwa hivyo. Kama mkono wangu mwenyewe unanidanganya, basi mtoto amesema kweli."

Fundi alimpenda mwanamke huyu tangu akiwa na ndoo moja na brashi ya kuazima, na hapa alikuwa amekaa mbele yake akiitilia shaka akili yake mwenyewe, akili iliyowalea wote, kwa sababu mumewe aliona haya kuulizwa jina dukani.

Binti yao akaingia na begi tupu mkononi. "Nimekuja kuuliza nikufungashie nini, mama. Na cherehani nimeipatia mtu, atakuja Ijumaa kuitazama."

"Chukueni tu," mama alisema, macho chini. "Mnajua nyinyi."

"Acha," fundi alisema.

"Baba, tumeshazungumza."

"Ulizungumza wewe. Mimi nilinyamaza, na ningekuwa mtu ningesema jana." Alisimama. "Mama yako hakubadilisha kitu. Alimeza kutoka kwenye kopo la waridi, mbili, kama nilivyomwambia. Ni mimi niliyemimina. Vidonge viligeuka rangi kiwandani. Binti wa dukani alianza kuniambia, nikakimbia. Aliandika kwenye bahasha, nikazitupa."

"Baba, usimtetee. Huu si wakati wa..."

"Simtetei mtu!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, vitanda vyote sita vikageuka. Akatoa makopo mfukoni, akayaweka juu ya shuka. "Tazama. Nimeyapaka mimi mwenyewe. Nilifanya hivi ili nisiulizwe jina la dawa mbele ya watu, kwa sababu siku moja walinicheka. Hiyo ndiyo sababu. Haina nyingine. Alinambia chungu, nikamwambia ameze. Nilipima kwa kadi nikaona rangi imekolea, niliona kwa macho yangu haya, nikasingizia balbu."

Mwalimu wa hesabu alitazama makopo, akatazama begi lake tupu, akaliweka chini polepole.

Mkewe alikuwa ameacha kukunja shuka.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo akili zangu ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Mkono uliingia kwenye kopo la waridi."

"Uliingia."

"Na mapazia ni kumi na mawili."

"Kumi na mawili, mama. Niliyabeba mwenyewe."

Akafunga macho. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke, akacheka katikati yake, kicheko chembamba cha mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Mungu wangu," alisema. "Nilishaanza kujiaga mwenyewe." Mama wa kitanda cha pili naye akajifuta macho kwa kanga, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

Kisha mkewe akafungua macho, na hayo yaliyofunguka hayakuwa ya kulia.

"Jana mchana mpaka leo mchana," alisema, "umeniacha nijione mwehu."

"Ndiyo."

"Nilikwambia chungu mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kumbe haikuwa dawa, Fundi." Alisema taratibu, kwa ile sauti ya mzaha aliyoizoea, lakini mdomo ulikuwa unatetemeka. "Nilikuwa nameza aibu yako. Mbili kila jioni, na glasi nzima ya maji."

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi aliinamisha kichwa. Hakuomba msamaha, kwa sababu neno lenyewe lilionekana dogo mno kwa kazi ile, lakini alibaki pale, na mkewe alipomvuta kwa mkono wa shati akae, alikaa.

"Mwanangu," mama alimwambia binti yake, "huyo mtu wa Ijumaa mwambie asijisumbue. Hilo begi nipe nitilie nguo chafu."

"Sawa, mama."

"Na wewe." Akarudi kwa mumewe. "Karatasi ya dukani unayo?"

Fundi akaitoa mfukoni, imekunjika.

"Isome."

"Hapa?"

"Hapa. Kwa sauti. Mimi sirudi katika nyumba ya makopo. Nitarudi katika nyumba ambayo mwanamume akiulizwa mke wake anakula dawa gani, anajibu."

Fundi alitazama vitanda sita. Alitazama mlango, ambako muuguzi wa ulimi mwepesi alikuwa amesimama na trei, hana haraka hata kidogo. Akainua karatasi karibu na pua. Masikio yakaanza kumwaka.

"Am... amulo..."

"Amlo," binti yake alisema, kisha akajishika mdomo.

"Mwache," mama akamwambia. "Afike mwenyewe."

"Amlodi. Amlodipi." Jasho lilimtiririka. "Amlodipini."

Wodi nzima ikapiga makofi. Mama wa goti alipiga na kigelegele, muuguzi akacheka mpaka vikombe vikalia kwenye trei, na mkewe alicheka kuliko wote, amejishika ubavu, huku mkono wa pili haujaachia shati lake. Fundi akakunja karatasi upesi, akidhani amevuka.

"Unakunja nini?" mkewe alisema, akijifuta macho. "Hiyo ndiyo fupi. Bado ile ndefu."